"Inaamsha" mpaka saa ngapi? Uhakiki wa sentensi moja ya silabusi yetu

Kwenye TFC yangu, ukurasa wa 14, kuna sentensi hii: "Esta za forboli zinaamsha protini kinasi C, na kinasi C ikiamshwa inaleta kansa." Niliiandika bila kusita. Sikuitunga miye. Niliikuta kwenye silabusi ya biokemia, na mwenye silabusi naye aliitoa kwenye silabusi nyingine, iliyopigwa fotokopi mpaka michoro yake ikawa madoa meusi. Promosheni zilizonitangulia ziliinakili vilevile, na zilizokuja nyuma yangu pia. Nimezifungua kazi zao: ni ileile, na koma yake palepale.

Siku ya kujitetea, mzee mmoja wa juri, mtu mpole ambaye hapendi kuumiza mwanafunzi, alivua miwani yake akaniuliza: "Kijana, unasema inaamusha. Sawa. Inaamusha mupaka saa ngapi?"

Nilifikiri ni mzaha. Nikacheka, oditwari nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alipoona sina jibu akasema "Bon, tuendelee," akaandika kitu pembeni ya ukurasa. Nilipata alama ya kutosha, tukanywa, tukapiga picha. Ile swali lakini ilibaki na miye, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee alikuwa ameweka kidole kwenye kidonda chenyewe. Leo nataka kuihakiki ile sentensi, juu naona bado inatembea katika kazi za wadogo zetu, na juu mimi mwenyewe niliitumia nje ya chuo na ikaharibu kitu.

Tuanze na enzimi yenyewe. Kinasi C ni protini inayokaa ndani ya seli ikiwa imelala. Kipande cha mwili wake mwenyewe kimeziba mdomo wake wa kazi, mfano wa mtoto aliyelala na kidole gumba mdomoni. Ili iamke inahitaji mambo mawili. Kwanza kalsiamu ipande ndani ya seli: kalsiamu inashika sehemu moja ya protini na kuisaidia kujibandika kwenye fosfolipidi za utando. Pili, pale kwenye utando inakutana na diasilgliseroli, mafuta madogo ambayo seli inayatengeneza ikipata ujumbe kutoka nje. Diasilgliseroli inashika sehemu ya pili, kidole kinatoka mdomoni, kazi inaanza. Njo sababu wakubwa wa zamani waliiita enzimi inayotegemea kalsiamu na fosfolipidi.

Hata hapa silabusi yetu ilikuwa imekwisha kukosea kwa kufupisha, juu "kinasi C" si mtu mmoja, ni ukoo. Jeni zake ni 9. Alfa, beta na gama zinataka kalsiamu na diasilgliseroli. Delta, epsiloni, eta na theta zinataka diasilgliseroli peke yake, kalsiamu haziihitaji. Mbili za mwisho hazisikilizi kalsiamu wala diasilgliseroli. Ukisema "inaamsha kinasi C" ni kama kusema "nimemwita mtoto wa Mushagalusa" mbele ya nyumba yenye watoto tisa. Nani ageuke?

Sasa saa. Diasilgliseroli haidumu. Seli inaitengeneza na kuibadilisha kuwa kitu kingine ndani ya dakika chache, na hiyo njo akili yake yote: ujumbe unafika, unasomwa, unafutwa. Esta ya forboli inaingia palepale pa diasilgliseroli, lakini inashika kwa nguvu kubwa zaidi, na seli haina mkasi mzuri wa kuikata. Inakaa. Ni mgeni aliyebisha hodi vizuri kama wageni wote, akakaribishwa, kisha akakataa kuondoka.

Na mgeni asiyeondoka anafanya nini? Jibu liko kwenye vitabu tangu miaka ya 1980, lakini silabusi yetu haikufika kwenye ukurasa huo. Kinasi C iliyoamshwa inakaa wazi, na protini iliyo wazi inakamatwa na mashine za usafi za seli na kuvunjwa. Ukizipa seli esta ya forboli na kupima baada ya nusu saa, aina nyingi za kinasi C zinafanya kazi kwa nguvu. Rudi kesho yake upime tena, utakuta aina zilezile zimepungua sana, zingine karibu hazipo. Watafiti walitumia jambo hilo kama chombo cha kazi: mtu akitaka kuona seli inaishi namna gani bila kinasi C, alikuwa anaiachia forboli usiku mzima.

Soma tena ile sentensi yangu. Kitu kilekile asubuhi ni kiamshi, jioni ni kizimaji. Mzee alikuwa ananiuliza hiyo tu.

Sitaki mtu afikiri naudharau utafiti wa kwanza. Historia yake ni nzuri, na inanifurahisha juu inaanzia kwenye dawa ya tumbo. Mafuta ya mbegu za Croton tiglium, mti wa Asia, yalikuwa yanatumiwa kuharisha watu. Mwaka 1941 Isaac Berenblum, kule Oxford, alionyesha jambo la ajabu kwenye ngozi ya panya. Ukipaka kemikali ya kansa kidogo tu, uvimbe hautoki ao unatoka kidogo. Ukifuatisha mafuta ya croton, uvimbe unajaa. Mafuta yenyewe hayaanzishi kansa. Yanasukuma ile iliyokwisha kuanzishwa. Katika miaka ya 1960 Erich Hecker na wenzake wa Heidelberg walitoa ndani ya mafuta hayo kitu chenyewe kinachosukuma: esta za forboli, na ile kali kupita zote tunaijua kwa jina la TPA. Lakini hakuna aliyejua inashika nini ndani ya seli.

Upande mwingine kabisa, Kobe nchini Japani, Yasutomi Nishizuka na watu wake walikuwa wameitangaza kinasi C mwaka 1977, wakifuatilia mambo ambayo hayakuhusu kansa. Mwaka 1982 mito miwili ikakutana: Monique Castagna, Mfaransa, pamoja na kundi la Nishizuka walionyesha kwamba TPA inaiamsha kinasi C moja kwa moja, ikichukua nafasi ya diasilgliseroli. Nimesoma makala yao. Inasema ilichopima na haisemi zaidi. Walipima kwenye mirija, kwa dakika chache. Kwa dakika hizo walikuwa na haki kabisa.

Kosa liko kwenye hatua iliyofuata, na haikufanywa na mtu mmoja. Watu walipanga hivi: forboli inasukuma uvimbe, forboli inaamsha kinasi C, basi kinasi C iliyoamka inasukuma uvimbe, basi tuizime. Inapendeza. Inaingia vizuri kwenye ubao. Lakini ule uvimbe wa panya ulihitaji kupakwa mara kwa mara, wiki kwa wiki, na kwa wiki hizo zote hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama kinasi C ya ngozi ilikuwa macho ao ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Neno la dakika kumi lilibebeshwa mzigo wa wiki ishirini.

Na mzigo huo ulilipiwa na wagonjwa. Makampuni ya dawa yalitengeneza vizuizi vya kinasi C na kuvipeleka hospitalini. Aprinocarsen, iliyolenga alfa, ilijaribiwa kwa kansa ya mapafu pamoja na dawa za kawaida. Haikuwaongezea watu maisha. Enzastaurin, iliyolenga beta, ilishindwa mwaka 2013 kwenye jaribio kubwa la kansa ya tezi. Uchambuzi uliokusanya majaribio ya kansa ya mapafu ulikuta kwamba waliopewa kizuizi juu ya dawa zao waliitikia matibabu vibaya kuliko wasiopewa. Vibaya. Mtu anaweza kukubali dawa isiyosaidia, lakini hii inataka maelezo.

Maelezo yalikuja mwaka 2015, kutoka labo ya Alexandra Newton kule San Diego, Marekani. Walichukua mabadiliko ya jeni za kinasi C yaliyokutwa kwenye uvimbe wa wagonjwa. Zaidi ya 550 yalikuwa yamesajiliwa. Wao walipima 46, moja moja. Kama silabusi yetu ingekuwa kweli, mengi yangeifanya enzimi iwe macho zaidi. Walikuta mengi yanaiharibu ao kuidhoofisha, na hata moja halikuiongezea nguvu. Na waliporekebisha badiliko moja katika seli za kansa ya utumbo, uvimbe ulikua kidogo zaidi. Maana yake: katika kansa hizi kinasi C ilikuwa ni breki. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walikuwa wanajaribu kukata breki ya gari iliyokuwa inateremka.

Sisemi kwamba 2015 ilifunga kitabu. Ukoo una watu tisa, na epsiloni kwa mfano bado iko na mashtaka yake katika seli kadhaa. Ninalosema ni kwamba neno "kiamshi" halikutuambia lolote juu ya mwisho wa safari.

Tazameni wenyewe viamshi vingine, halafu mniambie neno hilo linatabiri nini. Briostatini inatoka kwa kanyama kadogo ka baharini, Bugula neritina, kanakojibandika chini ya meli kama kuvu. George Pettit wa Arizona alichapisha muundo wake mwaka 1982, mwaka uleule wa makala ya Castagna. Inashika mahali palepale pa forboli, inaiamsha kinasi C, na haisukumi uvimbe kwenye ngozi ya panya. Ukiipaka pamoja na forboli inaizuia forboli kufanya kazi yake. Ili kupata gramu 18 Wamarekani walilazimika kuchakata zaidi ya tani 12 za vile vinyama. Wakaijaribu kwa kansa: wagonjwa walipata maumivu makali ya misuli na faida ndogo sana. Wakaijaribu kwa ugonjwa wa Alzheimer, magazeti yakaandika kwamba kiamshi cha kumbukumbu kimepatikana. Mwaka 2017 jaribio halikufikia lengo lake. Huyu ni kiamshi.

Prostratini nayo ni forboli, ya damu moja na TPA. Mganga wa Samoa aliwaonyesha wageni mti wake, wakaupeleka labo, wakakuta haisukumi uvimbe, lakini inavitoa virusi vya ukimwi vilivyojificha ndani ya seli. Huyu pia ni kiamshi.

Na kuna ingenoli mebutati. Hii inaniuma zaidi juu ilifika mpaka kwenye ngozi ya watu. Inatoka kwenye Euphorbia peplus, mmea mdogo wa maziwa makali ambao watu wa Australia walikuwa wanajipakia nyumbani. Mwaka 2012 ilipewa ruhusa Marekani na Ulaya kwa jina la Picato, jeli ya kupaka siku mbili ao tatu kwenye madoa ya jua yanayoweza kugeuka kansa. Ilikuwa inafuta madoa vizuri sana. Januari 2020 Ulaya iliisimamisha, na miezi michache baadaye wakaguzi wakahitimisha kwamba huenda inaongeza hatari ya kansa palepale ilipopakwa, na kwamba hatari imezidi faida. Mwezi uleule wa Januari, Ulaya hiyohiyo ilikuwa inaruhusu kiamshi kingine, tigilanoli tiglati, kutoka mti wa msitu wa Queensland, dawa ya sindano kwa aina fulani ya uvimbe wa mbwa. Na kwa mbwa inafanya kazi.

Mmoja anasukuma uvimbe, mmoja anauzuia, mmoja anaamsha virusi, mmoja anafuta doa na pengine kuacha kansa nyuma, mmoja anaponya mbwa. Wote kwenye silabusi wako ndani ya mfuko mmoja.

Mtaniuliza: siye hapa inatuhusu nini, na labo zetu zisizo na hata umeme wa kutosha kwa frigo? Inatuhusu juu viamshi hivi vimepandwa kwenye fensi zetu. Mbono kaburi, ule mti ambao walitaka kutuuzia mafuta yake ya magari, mbegu zake ziko na esta za forboli. Njo maana mashudu yake hayapewi mifugo hivihivi. Halafu kuna mnyaa, ile miti isiyo na majani ya kuonekana, matawi yake kama penseli, ukivunja linatoka ziwa jeupe. Watu wanapanda fensi nayo juu mbuzi hawaigusi. Watoto wanaichezea. Wengine wanapaka maziwa yake kwenye chunjua.

Na siye tunaishi ndani ya ule mkanda wa Afrika ambamo kansa ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, inapatikana zaidi. Denis Burkitt aliieleza Uganda mwaka 1958. Virusi vya Epstein-Barr vinahusika, malaria inahusika. Mwaka 1978 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba TPA inaviamsha virusi hivyo ndani ya seli, na baadaye watafiti wengine wakaona maziwa ya mnyaa yanafanya vilevile kwenye labo. Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikuta mnyaa mara nyingi zaidi kwenye nyumba za watoto wagonjwa kuliko kwenye nyumba za wengine. Hayo njo yanayojulikana. Ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Kusema mnyaa unaleta kansa ni kitu kingine: virusi hivyo vimo ndani ya karibu watu wote wazima wa hapa, mnyaa uko kila kijiji, na watoto wanaougua ni wachache sana.

Sasa nitaje kosa langu. Likizo iliyofuata kujitetea kwangu nilienda kijijini kwa shangazi, diploma ikiwa bado inanukia wino. Shamba lake la maharagwe lilikuwa limezungushiwa mnyaa aliopanda marehemu mume wake. Nikamwambia: "Shangazi, miti hii ina kitu kinaamusha kinasi, inaleta kansa. Ing'oeni." Aliniuliza kwa nani imeleta. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. Vijana wakang'oa siku mbili, bila glavu, bila kitu machoni, juu miye mwenye elimu sikuwaza kuwaambia jambo la pekee ambalo ni hakika kabisa juu ya mnyaa: maziwa yake yakiingia jichoni yanaliunguza. Mmoja alikaa na macho yamefumba kwa siku kadhaa. Alipona, Mungu alisaidia. Mbuzi wa jirani wakaingia, na msimu ule shangazi hakuvuna maharagwe ya kutosha hata mbegu.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, baba, ni masomo yenu."

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba silabusi ni silabusi, mwanafunzi atasoma zaidi mbele. Wengi wetu hatusomi mbele. Tunatoka na nusu sentensi mfukoni, na kijijini nusu sentensi ya mtu wa diploma inatosha kung'oa fensi. Mwalimu anayefundisha kozi hii mwaka huu, najua umepewa masaa machache na vitabu vya zamani. Sikuombi kozi mpya. Nakuomba uongeze mstari mmoja chini ya mchoro, wenye nusu saa na siku nzima kando kando. Na wewe unayeandika TFC sasa: ukikuta "inaamsha", uliza ni aina gani kati ya tisa, kwenye seli gani, kwa kipimo gani, na mpaka saa ngapi. Ukikosa jibu, andika kwamba umelikosa. Juri haitakuua.

Mwaka uliopita nilifungua tena nakala yangu ya TFC, ile aliyoirudisha mzee. Pembeni ya ukurasa wa 14 kuna maandishi yake ya penseli. Siku zote nilidhani ameandika alama. Ameandika "24 h ?" na mshale unaoelekea kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, kama mtu aliyekuwa ananiachia nafasi ya kujibu.

Shangazi amepanda fensi upya. Amepanda mnyaa.